Grili za makaa za zamani: soma dalili kabla ya kushika msasa

Grili ya makaa yenye bakuli la duara, mfuniko wa kuba na miguu mitatu haifi kirahisi. Nyingi zinazotufikia hapa Uganda zimetupwa kwa sababu zisizo na uzito. Mwenyewe ameona ndani ya mfuniko panabanduka, au miguu inacheza, au moto hauwaki vizuri, akaamua kwamba imekwisha. Unaikuta nyuma ya nyumba Kololo au Entebbe, imejaa maji ya mvua na majani yaliyooza, au kwa muuza vyuma chakavu anayengoja kuipima kwa kilo. Mimi naziokoa grili hizi na kuzitengeneza nyumbani kwangu Jinja kwa sababu nazipenda, na naumia kuona nzuri ikiharibiwa na mtu aliyekimbilia rangi ya kupuliza kabla hajajua tatizo ni nini. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa kufuata unachokiona: dalili kwanza, kisha chanzo chake, kisha kazi ya kufanya.

Kabla ya yote, fahamu umeshika kitu gani. Umbo hili lilianza mwaka 1952, wakati George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alipotumia vipande vya boya la chuma kutengeneza jiko la kuchomea nyama lenye mfuniko. Bakuli na mfuniko ni chuma kilichofunikwa kwa enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuru la joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kumbuka hilo katika kila hatua. Kioo hakichujuki kwa jua, na moto wa kawaida wa makaa hauwezi kukibandua. Lakini ukikigonga kinapasuka, ukikikunja kinapasuka, na ukichomelea karibu nacho kinaruka vipande.

Kama yako ni ya chapa ya Weber, tazama kilango cha hewa juu ya mfuniko. Kuanzia mwaka 1979 waligonga herufi pale za kuonyesha mwaka wa kutengenezwa. Pasipo na herufi, huenda ni ya zamani zaidi, au kilango kimeshabadilishwa. Chini ya bakuli nako kunasema mengi. Vilango vitatu, kila kimoja na mkono wake, ni mtindo wa zamani. Mkono mmoja unaozungusha mapanga matatu, yaani vibati vya kufungua na kufunga matundu ya hewa, kwa pamoja ulikuja miaka ya 1980. Ukijua hayo hutampelekea fundi kipande kisichoingia.

Ndani ya mfuniko panabanduka kama rangi

Hili ndilo linalofanya watu wengi watupe grili nzima, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Vipande vyeusi vinavyoning'inia na kuangukia nyama ni moshi na mafuta yaliyoungua, yakajipanga tabaka juu ya tabaka kwa miaka mingi mpaka yakakauka na kuanza kujikunja. Ndani ya mfuniko hapakupakwa rangi hata siku moja.

Jaribu kwa ukucha. Kikivunjika na kuwa unga mweusi, na chini yake ukaona weusi unaong'aa, hiyo ni masizi ya mafuta. Washa moto mdogo, acha mfuniko upate uvuguvugu, kisha finyanga foili ya jikoni iwe donge na usugue. Yatatoka kwa wingi. Yanayobaki yaondoe kwa kikwaruzo cha plastiki, au kwa wembe ulioulaza karibu kabisa na uso, kwa kuwa enameli safi inastahimili wembe. Malizia kwa maji ya moto na sabuni. Usihangaike kutafuta uso wa kioo kila mahali. Utando mwembamba uliokamata vizuri hauna ubaya, na mimi huuacha makusudi kwa sababu unakinga sehemu ambazo enameli imechubuka.

Kuwa mwangalifu na dawa za kusafishia oveni, na pia kostiki soda wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Zinakula mafuta kweli, lakini zinakula aluminiamu pia, na kwenye grili nyingi za zamani aluminiamu iko kwenye vilango, miguu na sahani ya majivu. Ukilazimika kuzitumia, ng'oa kwanza kila kipande cha aluminiamu, vaa glavu za mpira na miwani, fanyia kazi nje, na suuza mara nyingi. Kwangu, foili na uvumilivu vimetosha karibu kila mara.

Usipake rangi ndani. Naomba hili lisikike. Rangi haishiki juu ya mafuta, na hata ikishika, itakuja kubanduka juu ya chakula cha watoto wako.

Kama kilichotoka ni kipande kigumu, chenye makali kama ya kioo, na chini yake pana wekundu wa kutu, hapo enameli yenyewe imepasuka. Chanzo huwa ni pigo, au mtu alimwagia maji baridi bakuli likiwa na moto. Maelezo yake yako kwenye sehemu ya kutu.

Moto hauchukui, au makaa yanazimika nusu ya kazi

Anza na hewa. Hewa inaingia chini, inapita kwenye makaa, inatokea juu ya mfuniko. Njia hiyo ikizibwa mahali popote moto unadhoofika, hata ungeongeza gunia zima.

Inamia utazame chini ya bakuli. Majivu ya makaa yakipata unyevu hushikana na kuwa magumu kama plasta, na matundu matatu ya chini yanaweza kuwa yamezibwa kabisa huku mkono wa mapanga ukiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna shida. Toboa kwa kijiti cha mti, usitumie nondo. Halafu geuza mfuniko uelekee kwenye mwanga. Grili iliyokaa nje bila kutumika hupendwa na nyigu wanaojenga kwa udongo, na nimekuta viota vyao vimejaza tundu la juu mpaka ukingoni. Vitoe kwa uangalifu, na usiwashe moto kabla ya kutazama, maana huenda wenyewe bado wamo.

Kisha tazama kama wavu wa chini upo. Huu ndio unaopotea kwanza, kwa sababu huungua na kukatika mapema kuliko kipande kingine chochote. Usipokuwepo watu humwaga makaa moja kwa moja ndani ya bakuli, hewa inakosa pa kupita, na joto linakaa juu ya enameli na mapanga. Kwa grili ya kipenyo cha sentimita 57, wavu wa makaa ni wa sentimita 43 hivi, na wa nyama unakaribia 55. Hata hivyo pima bakuli lako mwenyewe kabla ya kuagiza. Fundi anaweza kuutengeneza kwa fito za chuma cha kawaida za milimita 6. Mwambie mapema, "Fundi, nataka chuma kitupu, usiniwekee kilichopakwa zinki." Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, makaa yanayowaka yanapita hapo kwa urahisi, na moshi wake ni sumu.

Yaangalie na makaa yenyewe. Gunia lililolala kwenye sakafu ya saruji msimu wa mvua limenyonya maji hata kama ukilishika unaliona kavu. Lianike. Chenga na vumbi la chini ya gunia vitupe pembeni, vinaziba nafasi kati ya kaa na kaa.

Kuna jambo jingine ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa pwani au wa Ulaya hayakuambii. Kampala na Jinja ziko mita 1,100 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Kabale, karibu mita 2,000, pungufu ni kama asilimia 20. Ukisoma mahali kwamba ufungue vilango robo, wewe fungua theluthi au nusu kisha uangalie. Grili yako si mbovu, iko mlimani tu.

Moto haushuki hata ukifunga vilango vyote

Hapa kuna uvujaji, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoifurahia zaidi, kwa kuwa uponyaji wake unauona palepale. Grili nzima, ukifunga vilango vyote, inaua moto wake, na makaa yaliyobaki unayatumia kesho. Huo ndio ubora wake mkubwa kuliko sigiri. Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa yanayotoka kaskazini mwa nchi, kaa lililobaki si kitu cha kuacha liishe bure.

Tafuta tundu usiku. Weka tochi kali ndani ya bakuli, funika, zunguka gizani. Mwanga utatokea mahali pachache: ukingoni ambako mfuniko unakutana na bakuli, pembeni mwa mapanga ya chini, au kwenye riveti ya kilango cha juu. Uzi mwembamba wa mwanga usikutishe. Mafuta na moshi vitauziba vyenyewe baada ya kuchoma mara chache. Kinachohitaji kazi ni pengo ambalo unaweza kupitisha sarafu.

Pengo la ukingoni kwa kawaida linatokana na bakuli au mfuniko uliopoteza duara lake kwa kuanguka au kubebwa chini ya mizigo. Pima kipenyo kaskazini hadi kusini, kisha mashariki hadi magharibi. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya milimita 5, lazima kirudishwe. Zungushia mkanda wa kufungia mizigo wenye kikazio, weka nguo nene katikati, ukaze upande mrefu kidogokidogo, uache usiku kucha, upime tena. Au ulaze mfuniko kwa ubavu juu ya tairi kuukuu na ubonyeze kwa viganja, ukilenga sehemu ndefu. Chuma hurudi kinyume kidogo kila ukiachia, kwa hiyo subira inahitajika. Usitumie nyundo. Hata nyundo ya mpira inaacha nyufa za kioo ambazo utaziona msimu ujao zikiwa zimegeuka kutu.

Mapanga ya chini yakiwa ndiyo yanayovuja, yafungue. Piga picha kwanza kwa simu, kutoka juu na kutoka chini, kwa kuwa mitindo ya kushikwa kwake inatofautiana na baada ya wiki mbili utakuwa umesahau. Panga lililojikunja linaweza kurudishwa kwa mkono mpaka lilale sawa na mzingo wa bakuli. Lililoliwa halina dawa. Chukua moja zima, au hata nusu nzima, upeleke kwa mafundi wa Katwe, Kampala, au kwa fundi bati yeyote mwenye mkasi mzuri, akukatie yanayofanana kwa chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 1 hivi. Jaribu kwa sumaku kabla ya kulipa: chuma kizuri kisichoshika kutu hakivutwi, au kinavutwa kwa udhaifu sana mahali kilipokunjwa.

Kutu

Si kila kutu ni msiba. Ninaigawa kwa mahali ilipo, kuliko ukubwa wake.

Kutu ya ukingoni na pale enameli ilipochubuka ni ya juujuu. Sugua kwa brashi ya waya wa shaba, pangusa kwa kitambaa chenye siki, suuza, kausha juu ya moto mdogo. Kama ni ndani, paka mafuta ya kupikia kwa wembamba ukiwa bado na uvuguvugu, ukirudia kila unapochoma. Kama ni nje, na inakukera macho, tumia rangi ya kustahimili joto inayouzwa kwa ajili ya ekzosi za magari; soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utaipata. Chagua iliyoandikwa nyuzi 600, uitie kwa brashi ndogo ya kuchorea ndani ya kovu tu. Kupulizia grili nzima kunafunika enameli ambayo bado ina maisha marefu kuliko rangi hiyo. Wala usisage enameli kwa grainda. Vumbi lake ni la kioo, na mapafu hayana njia ya kulitoa.

Kutu ya kitako cha bakuli ndiyo inayoua. Chanzo ni majivu yaliyoachwa ndani. Majivu yanashika maji, na maji hayo yanageuka kuwa magadi makali yanayokula sahani ya aluminiamu, huku chuma kikibaki kimelowa siku nzima kila mahali enameli ilipofunguka. Tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Grili iliyoachwa na majivu misimu hiyo miwili kwa miaka kadhaa inaweza kutoboka.

Pima kwa bisibisi. Bonyeza kwa nguvu ya kawaida ya mkono kuzunguka matundu ya hewa na kuzunguka soketi za miguu. Isipoingia, pana chuma. Ikiingia mahali pamoja au pawili, panazibika: tundu dogo kwa bolti fupi ya chuma kisichoshika kutu na washa pana pande zote mbili, kubwa zaidi kwa kipande cha chuma cha milimita 1.5 kilichokunjwa kufuata mzingo, kikafungwa kwa bolti nne, na saruji ya tanuru ikapakwa pembeni. Usikubali kuchomelewa. Fundi atakuambia ni kazi ya dakika tano, na ni kweli, lakini joto lile litapasua enameli pande zote za mshono, vipande vikiruka vya moto kuelekea machoni, na kutu itaanza upya kwa upana mara tatu. Mabati ya paa nayo usiyatumie kama kiraka, kwa sababu ileile ya zinki.

Ikiwa bisibisi inaingia kuzunguka matundu yote matatu, na soketi zinacheza ndani ya chuma chenyewe, bakuli hilo limekwisha. Inauma, lakini usilipe fundi kulishonashona. Toa mfuniko, mikono, magurudumu, miguu, nyavu, kila riveti nzima. Vipimo vya sentimita 57 vimebaki karibu vilevile kwa miongo, na mfuniko wa grili moja mara nyingi unakaa vizuri juu ya bakuli la nyingine. Ninazo sehemu nilizohifadhi kwa muda mrefu kabla hazijapata mwenzake.

Nyavu zenye kutu nene na bolti zilizoganda nazitibu kwa molasi. Huku kwetu si shida kuipata, kwa kuwa mashamba ya miwa ya Kakira yako jirani na wafugaji huinunua kulishia ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji ndani ya ndoo ya plastiki, zamisha chuma kizima, funika, weka mbali na mlango wa jirani maana harufu inakuwa kali, na uisahau kwa wiki mbili au tatu. Kutu inatoka bila chuma kizuri kuguswa. Usitie aluminiamu humo. Ukitoa, suuza kwa maji ya kasi, kausha mara moja juu ya moto na upake mafuta, kwani chuma kilichovuliwa kutu hushika mpya ndani ya saa chache. Wavu wa nyama uliopakwa kromu na kromu yenyewe ikawa inabanduka magamba usiuponye. Tengenezesha mwingine.

Miguu haitoki, au haikai

Mguu wa aluminiamu ndani ya soketi ya chuma, kukiwa na unyevu, ni metali mbili zinazokulana. Unga mweupe unaouona kwenye maungio ni aluminiamu iliyoliwa, na umejaza nafasi mpaka mguu umeganda. Anayevuta kwa nguvu anang'oa soketi. Pindua grili juu ya godoro kuukuu, tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ukingo wa soketi, acha mpaka asubuhi, kisha zungusha mguu kushoto na kulia kwa mikono miwili huku ukivuta kidogo sana. Ukikataa, mwagia soketi maji ya moto polepole, ongeza mafuta, rudia kesho. Nimeona miguu iliyokubali siku ya nne.

Mguu unaochomoka wenyewe una ncha iliyoliwa au iliyobonyea. Kata sentimita moja au mbili ya sehemu mbovu, na ukate kipimo hichohicho kwenye miguu yote ili grili isiiname. Ikibaki kulegea, toboa soketi na mguu kwa pamoja utie skrubu moja ya chuma kisichoshika kutu kila upande. Si ya asili, najua wanaopenda uhalisia hawataridhika, lakini grili yenye kilo za makaa mekundu isiyo imara mbele ya watoto ni hatari ambayo siwezi kuikubali kwa ajili ya uzuri.

Soketi ikiwa imekatika kabisa, usirudi kwenye wazo la kuchomelea bakuli. Tengeneza stendi: pete ya chuma yenye kipenyo kidogo kuliko bakuli na miguu mitatu chini yake, vichomelewe vyote pembeni, na bakuli likae ndani ya pete kwa uzito wake. Hakikisha tu pete haigusi mapanga wala haizibi matundu ya hewa.

Magurudumu ni rahisi. Yale ya vigari vya watoto kutoka soko la Owino, Kampala, yanaingia mara nyingi, ukiongeza washa kuziba nafasi ya ekseli.

Rangi ya nje imekufa, imekuwa ya kijivu

Karibu kila mara ni uchafu: moshi, chumvi za maji, vumbi letu jekundu. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, kisha magadi ya kuokea yaliyolowanishwa yawe uji mzito, kwa kitambaa laini. Nyekundu au kijani iliyofichika miaka mingi inajitokeza chini ya mkono wako, na sijui raha nyingine kama hiyo katika kazi hii. Msasa hapana.

Mkono wa mbao umeungua au umepasuka

Tengeneza mpya kwa mti mgumu. Muvule kutoka kwa maseremala wa Ndeeba unafaa sana. Vaa barakoa unapoupiga msasa, vumbi lake linawasha. Nakili matundu ya zamani, na uache pengo la hewa kati ya mbao na mfuniko kama lilivyokuwa. Paka mafuta ya kitani mara tatu, kila mara ukisubiri pakauke. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa, kwa kuwa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje mpaka viwe vikavu.

Nyama inatoka chungu, au ina ladha ya dawa

Kama umeipaka grili rangi ya nje hivi karibuni, haijaiva. Washa moto wa nguvu, vilango vyote wazi, mfuniko juu, bila chakula, kwa saa nzima, mpaka usinuse kitu. Fanya hivyo kwa kila grili uliyoiokoa hata kama hukuipaka rangi. Joto hilo linamaliza sabuni, mafuta ya kulegeza kutu na mabaki ya wadudu.

Kama hakuna rangi mpya, tazama moshi. Moshi mweupe mzito unaokaa juu ya nyama unatoka kwenye makaa yasiyoiva vizuri, yenye kahawia katikati ukiyavunja, au kwenye makaa mabichi yaliyomwagwa juu ya moto wakati chakula kiko ndani. Subiri moshi uwe mwembamba, karibu usionekane, ndipo uweke nyama. Kosa jingine ni kufunga kilango cha juu ili kupunguza joto. Hapo moshi unakosa njia na kugeuka lami juu ya kuku wako. Punguza kwa vilango vya chini, cha juu kiache wazi angalau nusu. Funga chote siku ya kuzima tu.

Kipimajoto kinasema uongo

Kabla ya kukilaumu, chemsha maji utie ncha yake humo. Kumbuka kwamba Kampala na Jinja maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale karibu 93. Kikisoma 96 ukiwa Kampala kiko sawa kabisa. Grili nyingi za zamani hazikuwa nacho, na sioni sababu ya kutoboa mfuniko wa miaka 40 ili kukiweka. Kining'inize kwenye tundu la juu.

Baada ya moto wa kwanza wa kweli

Choma kitu chenye mafuta: kuku mzima, au mbavu za nguruwe kwa wanaokula, na gonja (ndizi za kuchoma) pembeni, makaa yakiwa yamesogezwa upande mmoja na nyama upande mwingine. Mafuta yale yanajenga utando mpya ndani ya bakuli na juu ya kila kovu ulilolisugua. Mvua ikikukuta katikati ya kazi, acha grili palepale nje na mfuniko wake juu. Usiisogeze sebuleni, stoo wala kwenye baraza lililofungwa, hata kama moto unaonekana umekufa. Makaa yanayofifia yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu waliolala.

Ikipoa kabisa, kaza nati zote tena, kwa kuwa chuma kimetanuka na kurudi. Toa majivu yote siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, kausha sahani, funga kilango cha juu, weka mahali penye paa. Baada ya mara tatu au nne za kuchoma, rudia lile jaribio la tochi usiku. Penye uzi wa mwanga pengine patakuwa giza. Pasipokuwa giza, sasa unajua pa kufungua.